Jina Kwanza, Kiota Baadaye

Umo ugonjwa katika maandishi ya Kiswahili ambao wagonjwa wenyewe wanauona kuwa ni afya. Mfasiri akikutana na ndege asiyemjua katika kitabu cha kigeni, huandika “ndege mdogo” akapita. Mtunga kamusi akifikia jina la ndege aliyepata kumsikia lakini hakupata kumwona, huandika “aina ya ndege” akafunga mstari. Mshairi naye, akitaka kuupa ubeti wake uhai, huwaita njiwa, tausi na kasuku, watumishi wale wale walioitwa na babu zake. Hao wakishachoka, huandika “ndege” tupu, akaihesabu mizani yake na kuridhika. Watatu hawa hawajapata kuadhibiwa kwa kuwa kila mmoja ana mwenzake wa kumsingizia. Mshairi huilaumu kamusi, mwenye kamusi humlaumu mfasiri, na mfasiri husema kuwa msomaji hakudai zaidi.

Wakati umefika msomaji adai zaidi. Na mahali pa kuanzia kudai si pwani. Pwani humjua kitwitwi anayekimbizana na wimbi, yangeyange mweupe aliyesimama kwenye bonde la mpunga, membe juu ya dau la mvuvi, chozi anyonyaye maua, na dudumizi ambaye sauti yake huwafanya watu watazame mawingu. Pemba ina ninga wake, asiyepatikana popote pengine duniani, na Mpemba humwita kwa jina bila ya kufungua kitabu. Pwani hapana njaa ya majina, na anayejisifu kuwa Kiswahili ni tajiri huku amekaa ufukweni hajajaribu bado sifa zake. Mtihani wenyewe uko bara, kwenye baridi na matope, mahali ambapo Kiswahili kilifika na bendera, skuli na mahakama, lakini hakikufika na masikio. Mahali hapo ni Rungwe, na mtahini ni ndege mmoja asiyetaka kuonekana.

Mji wa Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, umekaa chini ya mlima Rungwe, mlima wa volkano wenye kimo cha karibu mita 2,960. Mvua inyeshayo huko kwa mwaka huvuka milimita 2,000, neema ambayo sehemu chache tu za Tanzania huipata. Maji hayo hutafuta njia. Mengine huingia katika mito ya Kiwira na Mbaka yakateremka hadi Kyela na Ziwa Nyasa. Mengine hutuama mabondeni, baina ya kilima na kilima, chini ya migomba na mashamba ya chai, yakafanya vinamasi vidogo vya ndago na matete. Mgeni anayefika Rungwe huonyeshwa Ziwa Ngozi lililolala ndani ya kreta yake, huonyeshwa Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, huonyeshwa Ziwa Masoko. Hakuna anayemwonyesha kinamasi. Kinamasi ni mahali pa kuchota maji, kukata nyasi na kuchimba udongo wa matofali. Ni mahali ambapo ng'ombe hunasa na mtoto hukatazwa kwenda.

Katika vinamasi vya namna hii, kwenye nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara, ndimo wanamoishi ndege wa jenasi ambayo wataalamu huiita Sarothrura. Yule mwenye kifua chekundu, Sarothrura rufa, anafaa kuwasimamia wenzake. Urefu wake ni kama sentimita 16, na uzito wake haufiki gramu 50. Dume ana rangi ya kutu tangu kichwani hadi kifuani, na mwili uliobaki ni mweusi wenye michirizi myeupe. Jike ana rangi ya tope analolikanyaga. Ndege huyu hapendi kuruka. Hupita chini ya nyasi kama panya, na akishtuliwa sana huinuka hatua chache, miguu ikining'inia, kisha hujitupa majanini. Atakayemfuata mahali alipoangukia hatamkuta. Amekwisha kukimbia kwa miguu upande mwingine. Mtu anaweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka kando ya bonde, akamsikia kila msimu wa mvua, asimwone hata siku moja.

Kwani husikika. Dume hutoa mlio wa kuguna, mmoja baada ya mwingine, alfajiri na magharibi, na pengine usiku kucha, na sauti hiyo humdanganya msikilizaji kuhusu upande itokako. Jamaa yake wa misituni na vichakani, Sarothrura elegans, ana mlio wa ajabu zaidi: uvumi mmoja mrefu na mzito, kama pumzi ipulizwayo juu ya mdomo wa chupa, usiokuwa na mwanzo unaojulikana wala mwisho. Katika sehemu mbalimbali za Afrika watu waliisikia sauti hiyo gizani, wakatafuta mwenye nayo, wakamkosa. Wengine walisema ni kinyonga anayemlilia mama yake. Wengine walisema ni konokono, na wengine walisema ni joka. Wasomi wengi huzicheka simulizi hizi. Mshairi hana ruhusa ya kuzicheka. Watu hao walifanya kazi ambayo kamusi haikuifanya: walisikia, waliuliza, wakatoa jibu, na jibu lao lilikuwa na huzuni ndani yake. Aliyemwita kinyonga anayelia alikosea mnyama, lakini hakukosea kusikiliza. Anayeandika “aina ya ndege” hakukosea mnyama, kwa sababu hakumtaja mnyama yeyote.

Kuhusu kiota, habari ni fupi. Ndege mwenye kifua chekundu hukijenga kwa majani makavu, mfano wa kikombe, ndani ya shungi la nyasi, juu kidogo ya maji au ya ardhi yenye majimaji. Mara nyingi majani mabichi yaliyokizunguka hukunjwa juu yake yakawa paa. Mayai ni meupe, mawili hadi matano. Dume na jike hulalia kwa zamu. Paa hilo ndilo usalama wote walio nao, na halizuii chochote ila macho.

Sasa ndipo penye ugomvi. Liko kundi ambalo linapoambiwa kuwa ndege huyu yupo, hujibu: “Tuonyesheni kiota chake.” Kwao, kiota kilichopigwa picha ndio ushahidi, na kisichopigwa picha ni porojo za wakulima. Mwenye kamera huajiri vijana wa kijiji wamfyekee njia. Nyasi hutengwa kwa mikono kulia na kushoto, mwanga huingia pale ambapo mwanga haukutakiwa, picha hupatikana, na wageni huondoka. Njia waliyoikanyaga hubaki. Jioni hiyo nguchiro huifuata. Wazazi wakirudi huenda wakakuta kikombe kitupu, au wakakuta paa limefunguka na mvua ya Tukuyu imekwisha kujaza kikombe. Picha itachapishwa na kusifiwa, na atakayeisifu hatajua kuwa ametazama msiba.

Haya hayasemwi kuwapinga wataalamu. Wataalamu wenyewe wamekwisha kujirekebisha, na ushahidi upo. Ndugu mwingine wa jamii hii, mwenye mbawa nyeupe, Sarothrura ayresi, alipewa jina la kisayansi mwaka 1877 kutokana na ndege aliyepatikana Afrika Kusini. Ni ndege aliyehesabiwa miongoni mwa walio karibu kabisa kutoweka. Ilijulikana kuwa huzaa katika nyanda za juu za Uhabeshi, lakini kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyeweza kuthibitisha kuwa huzaa Afrika Kusini. Jibu lilipatikana mwaka 2018 katika kinamasi cha Middelpunt, na halikupatikana kwa kufyeka. Zilitegwa kamera ndogo ndani ya majani, watu wakaondoka, ndege wakapita wenyewe mbele ya kamera pamoja na watoto wao. Kwa subira hiyo hiyo ilijulikana hata sauti yake, ambayo kabla ya hapo wataalamu waliibishania. Waliotaka kujua walikubali kutokuwapo. Hilo ni somo ambalo mpiga picha wa Jumapili hajalisikia.

Lakini kumkemea mpiga picha ni rahisi, na si yeye mkosaji mkubwa. Kosa lake limetokana na kosa jingine lililomtangulia. Anakimbilia kiota kwa kuwa hana jina. Angekuwa na jina, angekaa kando ya bonde na wenyeji, akauliza: “Yule yuko?” Wangemjibu: “Yuko, alilia jana.” Kazi ingekwisha bila ya jani moja kuguswa. Asiye na jina la kitu hulazimika kukionyesha kwa kidole, na kidole hakifiki mpaka nyasi zitengwe. Kwa hiyo jina hutangulia na kiota hufuata, tena kiota kikiweza kubaki kimefichwa ni bora zaidi.

Anayeona kuwa hii ni hoja ya washairi tu, isiyo na uzito nje ya majarida, na aitazame Rungwe yenyewe. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi wa wanyamapori waliokuwa wakifanya kazi mlimani hapo, wakiongozwa na Tim Davenport, walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Wanyakyusa wana simulizi nyingi za viumbe vya msituni, vingine vya mwili na vingine vya roho, na haikuwa wazi kipunji yumo fungu gani. Watafiti hawakuandika “aina ya kima” wakapita. Walilishika jina wakalifuata msituni, na kabla ya mwaka kwisha walimwona mwenye jina. Mwaka 2005 dunia ilitangaziwa kima mpya, naye ni wa Tanzania. Mwaka 2006 ilionekana kuwa hafanani na jamaa zake kiasi cha kutosha, akafunguliwa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Kwa Kiingereza alikuwa amebuniwa jina jingine, na jina hilo lilikufa haraka. Leo hata London na New York humwita kipunji.

Na lizingatiwe lililofuata. Mwaka 2009 mlima Rungwe ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Haitasemwa hapa kuwa neno moja lilifanya kazi yote hiyo. Kulikuwa na vyanzo vya maji, kulikuwa na miti, kulikuwa na watu waliohangaika. Lakini msitu wenye kipunji uliweza kutetewa kwa sentensi moja ambayo mbunge, mwalimu na mtoto wa skuli waliielewa. Kinamasi kilicho hatua chache chini ya msitu huo hakina sentensi ya namna hiyo. Mtetezi wake husimama mbele ya mkutano wa kijiji akasema “ardhi oevu” na “bioanuwai”, na wazee humsikiliza kwa adabu kama wanavyomsikiliza mgeni anayesali kwa lugha yake.

Kinyume cha kipunji nacho kipo, na hakiko mbali. Katika bonde la Kilombero, mashariki ya nyanda hizi, wajuzi wa ndege walitambua tangu miaka ya 1980 kuwa wamo ndege wawili wadogo wa matete, wa jenasi ya Cisticola, ambao hawakuwa wameandikwa popote. Bonde lilitangazwa mwaka 2002 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Ndege hao wawili walisubiri. Walipewa majina ya kisayansi mwaka 2021 tu. Kwa muda wa zaidi ya miaka 30 walikuwa wakijulikana na kila mtaalamu, na hawakuwa na mahali pa kuandikwa katika orodha za walio hatarini, kwa kuwa orodha hizo kwa kawaida hazimpokei asiye na jina. Katika miaka hiyo hiyo mashamba na mifugo viliongezeka bondeni. Mwenye kudhani kuwa jina ni pambo la ushairi na awaulize ndege wa Kilombero pambo hilo liliwagharimu nini.

Sasa zisikilizwe hoja za wapinzani, kwani hazikosi nguvu.

Hoja ya kwanza husema: ndege wa Rungwe ni mali ya Kinyakyusa, na Kiswahili kisijitie. Kinyakyusa kina maneno yake. Kiswahili ni lugha ya pwani. Kila mmoja alale kwenye mkeka wake. Hoja hii huvaa nguo ya heshima, lakini ndani yake umo uvivu. Kiswahili hakikuwahi kulala kwenye mkeka wake peke yake. Kilipohitaji neno la makundi ya nomino, kilikwenda kwa Wahaya kikaomba ngeli. Kilipohitaji neno la idara kubwa za chuo kikuu, kilikwenda kwa Wapare kikaomba kitivo. Wasomi walisifu maombi hayo na kuyafundisha madarasani. Inakuwaje lugha iliyoweza kwenda Bukoba kwa ajili ya sarufi ishindwe kwenda Tukuyu kwa ajili ya ndege? Aidha, kuomba neno si kulinyang'anya. Mnyakyusa hakupungukiwa na kipunji wake baada ya dunia kumwita hivyo.

Hoja ya pili husema: mambo ya istilahi yana vyombo vyake, kamati itakaa, kamati itabuni. Kamati zina kazi njema, na zimebuni mengi yanayofaa. Lakini ndege hawabuniwi. Jina lililotungwa mezani na mtu asiyeusikia mlio litakuwa tafsiri ya jina la Kiingereza, na jina la Kiingereza lenyewe lilitungwa na mtu aliyeshika ngozi kavu yenye kibandiko mguuni. Ndege huyo atakuwa amekufa mara mbili kabla ya kuingia katika kamusi. Mwendo wa haki ni mwingine: kwanza wasikilizwe wanaomsikia, majina yao yaandikwe yote, hata yakigongana kijiji kwa kijiji, kisha kamati ichague. Mtaalamu wa ndege R. E. Moreau, aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, alichapisha mwaka 1942 makala nzima juu ya namna watu wa eneo moja la Afrika ya Mashariki wanavyowapa ndege majina, na makala hayo yalitoka katika jarida la lugha, si la wanyama. Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka mwaka 1939, alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, na kila anayeifungua kamusi hiyo huona kuwa mtu huyo alitoka nje. Ni aibu gani hii, kwamba mgeni wa mwaka 1939 alitoka nje, na mwenyeji wa leo amebaki ndani?

Hapo hapo iongezwe tahadhari. Kuna namna ya kutoa majina ambayo haifai kurithiwa. Daktari Friedrich Fülleborn, Mjerumani aliyekuwa katika nchi hizi za Ziwa Nyasa mwishoni mwa karne ya 19, alipeleka Berlin ndege wengi, na mwaka 1900 baadhi yao walipewa jina lake. Laniarius fuelleborni yupo hadi leo katika misitu ya milima hiyo, mweusi mwenye sauti tamu. Fülleborn alikuwa mtu wa bidii, na hakuna haja ya kumtukana. Lakini waliomwongoza msituni, waliojua ni saa ngapi ndege yule hulia na katika kichaka gani, hawamo katika jina hilo. Marekani nako mjadala huo umefika: mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ndege cha huko kiliamua kuyaondoa majina ya watu katika majina ya Kiingereza ya ndege walio chini ya mamlaka yake. Kiswahili kina bahati ya kuchelewa. Hakina cha kufuta. Kina cha kuandika tu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo hutoka kwa watu wasiosoma majarida ya mashairi. Husema: mama mwenye watoto watano anahitaji bonde hilo. Kiangazi kikifika, mahali penye unyevu ndipo panapoota mboga. Udongo wake ndio matofali ya nyumba. Anaambiwa aache kwa ajili ya ndege ambaye hata yeye hajamwona? Anayejibu hoja hii kwa kebehi hastahili kusikilizwa. Jibu lake ni kwamba mama huyo si adui wa kinamasi. Yeye ndiye jirani yake wa karibu kuliko wote, na kikikauka yeye ndiye atakayetembea mbali zaidi na ndoo. Kinamasi hushika maji ya masika yakatoka polepole hadi kiangazi, na mkulima wa mpunga kule Kyela hunywa kutoka kwenye chungu hicho hicho. Anayekausha bonde zima kwa mitaro, au kulipanda mikaratusi kutoka ukingo hadi ukingo, mara nyingi si mama mwenye jembe moja.

Tena mama huyo ametendewa vibaya na lugha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, shughuli za kudumu au zenye kuweza kuyaharibu mazingira. Kwa miaka mingi yeye alipokea sheria hiyo kama namba tu: mita 60, ng'oa mazao yako. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania Bara. Ni ushindi ulioshangiliwa, na ulistahili kushangiliwa. Lakini lugha ikipewa kiti cha hakimu hupewa na wajibu wake. Hakimu atahukumuje shauri la bonde kwa lugha ambayo haina jina lililozoeleka la mkazi mmoja wa bonde hilo, isipokuwa yule mwenye jembe? Shahidi atasema kulikuwa na nini pale kabla ya mtaro kuchimbwa? Atasema kulikuwa na “ndege wadogo”. Wakili wa upande wa pili atamwambia kuwa ndege wadogo wako kila mahali, na atakuwa amesema kweli.

Ibaki hoja ya nne, ya washairi wenyewe, ambao huisema kwa sauti ya chini. Husema kuwa ushairi hauhitaji jina la kila kiumbe. Kwamba “ndege” akiwa ndege tu huwa wa wote, na mwenye jina hufungwa mahali. Hili ni jambo la kupimwa kwa maneno ya Kiswahili chenyewe. Neno tundu katika lugha hii ni uwazi, na ndilo hilo hilo jumba la kufungia ndege. Kiota ni neno jingine. Mshairi anayeimba ndege asiye na jina hadhani kuwa amemfunga. Hudhani kuwa amemwacha huru. Kwa kweli amemtia katika tundu, maana ya pili, tundu ambamo kasuku na njiwa wamekaa muda mrefu wakila punje za wageni na kuitikia wanachoambiwa. Ndege mwenye jina lake, katika matete yake, katika bonde lenye jina, ndiye asiyeweza kutumwa. Hawezi kuwa mfano wa mapenzi leo na mfano wa siasa kesho. Humlazimisha mshairi kungoja. Na washairi wa bahari wanajua kungoja. Hawajapata kuandika “aina ya upepo” mahali pa kusi na kaskazi.

Yanayodaiwa, basi, si makubwa. Haidaiwi safari ya kutafuta kiota. Kiota kiachwe na paa lake. Inadaiwa kwamba mwanafunzi wa Rungwe anayesoma Kiswahili katika vyuo vikuu aandike tasnifu moja, badala ya ile ya mia juu ya dhamira katika riwaya fulani, yenye safu tatu: sauti iliyosikika, jina lililotajwa, bonde lilipotajwa. Inadaiwa kwamba mwalimu wa skuli ya msingi Tukuyu awatume watoto kwa bibi zao na swali moja: ni nani anayelia bondeni magharibi? Inadaiwa kwamba mhariri wa Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, akiletewa tafsiri yenye “ndege mdogo”, airudishe kwa mwenyewe na kalamu nyekundu, hata kama mwenyewe ni rafiki yake. Na inadaiwa kwamba mtunga kamusi, kabla ya kuandika “aina ya”, atoe simu yake ampigie mtu aliyeko karibu na matope.

Majina yatakayokuja yatagongana. Kijiji kimoja kitasema ni ndege, kingine kitasema ni kinyonga, na yuko mzee atakayesema kuwa hayo si ya kuulizwa usiku. Yote yaandikwe. Mabonde ya Rungwe yanakatwa mitaro sasa, na mlio ukinyamaza katika bonde moja, jina lake hubaki kinywani mwa wazee kwa muda mfupi tu baada ya hapo. Wazee hao wapo bado, na jioni zao ni za baridi. Atakayekwenda achukue daftari na sweta, akae nje pamoja nao, wala asikanyage nyasi.